Bitana Nyeupe

Maktaba ya Chuo
3 Februari

Kaka Gundi,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara tatu. Mara zote umepokea, umepiga kelele "Sauti haifiki!", kisha ukaiweka simu mezani bila kuikata, nikabaki nasikiliza nyundo yako. Basi naandika. Wewe mwenyewe husema simu ni ya kuulizana hali, barua ndiyo ya mambo ya maana.

Jambo lenyewe ni viatu.

Usicheke. Ni vya ule mchezo wangu wa visahani. Wifi ameniambia wateja wakikuuliza mdogo wako anacheza nini huko chuoni, unawajibu "anatupa vyombo". Ngoja nikueleze tena, taratibu. Nyuma ya chuo chetu kuna vikapu kumi na vinane vya chuma, kila kimoja juu ya nguzo yake, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kutumbukia. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kinachochoka si mkono, ni miguu. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, kilima kupanda na kushuka, mawe, majani yenye umande, na tope la kule bondeni kwenye kikapu cha saba.

Nataka viatu vyenye starehe na vyenye kudumu. Soli iwe na meno yasiyoteleza, ila yasing'ang'anie ardhi mno. Ninaporusha naukita mguu wa kulia mbele, uzito wangu wote unaukalia, halafu nazunguka juu yake. Soli ikigoma kuzunguka, goti ndilo litakalozunguka. Mguu wa kushoto unaburuzika nyuma, ncha yake inalika kama sabuni, kwa hiyo uiwekee kinga. Visiwe vizito, visilowe upesi. Na naomba viwe vipana kuliko vya zamani, hasa cha kulia. Siku hizi navaa soksi nene kwa ajili ya umande.

Mashindano ni tarehe 7 Juni, wawili wawili. Mimi niko na Matroni wa bweni, mwenye mkono wa chuma na maneno ya moto. Sijawahi kushinda kitu maishani, kaka, na wewe ni shahidi. Mwaka huu naona naweza.

Mdogo wako,
Kiroboto


Kibandani
12 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Nilidhani jina hili litakutoka ukikua. Ulikuwa hutulii hata dakika ya kusukwa nywele, Mama akawa anakusuka anakukimbiza. Sasa una miaka arobaini na moja, una maktaba nzima ya kukalia, na bado unakimbilia mlimani kufukuza sahani.

Viatu nitashona. Lakini sipimi mguu kwa maneno. Niletee vile vya zamani, vile nilivyokutilia soli mpya mwezi wa nane. Soli haijui kusema uongo. Mwenye haraka, mwenye mzigo bega moja, mwenye kisirani anayekanyaga kwa kisigino, wote nawajua kabla hawajafungua mdomo. Pia uchore miguu yako. Simama peku juu ya karatasi, penseli wima, usiinamie upande, na uchore yote miwili, maana hakuna binadamu mwenye miguu pacha.

Unataka starehe na unataka kudumu. Kila mteja anataka hivyo. Kiatu laini hufa mapema, na kiatu kigumu humuua mwenye kuvaa. Kazi ya fundi ni kuvipatanisha, nami nimevipatanisha miaka thelathini bila mtu kurudi kulalamika. Unajua kwa nini. Kiatu hakitoki kibandani kwangu kabla sijaingiza mkono ndani na kupapasa kila pembe. Mkono wangu kwanza, mguu wako baadaye.

Huku ni joto la ajabu. Namaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri na koo bado kavu. Wifi yako anasema nimekonda, na kweli nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda. Nimemwambia hiyo ndiyo faida ya kazi.

Angalia miguu yako kwenye mawe huko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika nyumba yetu tunajua thamani ya mguu.

Kaka yako,
Gundi


25 Februari

Kaka,

Viatu hivi hapa. Nimevisugua kwa brashi na sabuni, usije ukasema nakuletea tope la chuo. Michoro nimeikunja ndani ya kile cha kushoto. Nimechora miguu yote miwili, penseli wima, kama ulivyoagiza.

Miguu yangu mizima. Haiumi hata kidogo, na hilo ni kweli kabisa.

Fanya haraka, tafadhali. Matroni ananidhihaki kwamba nitarusha na malapa.

Kiroboto


Kibandani
9 Machi

Kiroboto,

Viatu vimefika.

Nimetazama michoro kwanza. Nilikwambia hakuna mwenye miguu pacha. Yako inalingana hadi ukucha. Umechora wa kushoto, ukaigeuza karatasi dirishani, ukaufuatisha. Wa kulia uko wapi?

Viatu vya zamani sivirudishi. Nimevichoma moto. Mpaka nikuletee habari nyingine usivae kiatu chochote kilichopita mikononi mwangu, hata zile ndara za ngozi. Vaa raba za dukani. Tangu nianze kazi sijawahi kumwambia mtu maneno hayo.

Na unijibu haya bila kunizungusha. Usiku unaamka mara ngapi kwenda chooni? Una kiu isiyoisha? Ukigonga kidole kwenye mguu wa meza, unasikia maumivu?

Naandika mbio, kuna wateja.

Gundi


18 Machi

Kaka,

Umevichoma viatu vyangu! Ndivyo nilivyovaa siku niliyotumbukiza kikapu cha kumi na moja kwa mrusho mmoja tu, Matroni akapiga vigelegele mpaka walinzi wakaja. Hata kamba hukuniachia. Ningejua kwamba ukipewa kitu cha mtu unakitia kiberiti, nisingekipeleka ofisi ya vifurushi.

Nimekasirika siku mbili. Leo nimeyasoma maswali yako upya, hasira ikanitoka, ikabaki hofu. Fundi viatu haulizi habari za choo bila sababu.

Basi, nina sukari. Huu mwaka wa pili. Sikukwambia kwa ajili ya Mama. Unakumbuka alivyokanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kupanga vyombo huku akituuliza ni nini kinachonukia kuungua? Nilikuwa na miaka tisa, nikacheka. Nilidhani anatufanyia mzaha. Wewe ndiye uliyemwinua ukamkalisha. Ukaondoka mguu, kisha akaondoka Mama, na wewe ndiye uliyemuuguza siku zote hizo. Nikajiambia kaka ameshauguza mmoja, hatauguza wa pili.

Mwezi wa kwanza tulikuwa kikapu cha saba Matroni akasema, "Soksi yako ina damu." Kule bondeni kuna miiba mirefu. Nilikuwa nimechomwa na mwiba, na kwa sukari hii sikusikia. Kidonda ni kidogo, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Muuguzi anakisafisha Jumatatu na Alhamisi. Hakijafunga bado. Ndiyo maana nikataka kiatu kipana, bandeji ipate nafasi, na ndiyo maana mguu huo sikuuchora.

Usiniletee ile ya mficha maradhi, naijua. Lawama ni za mwiba na zangu mimi. Sasa niambie, viatu vilikukosea nini?

Kiroboto


30 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimezichana. Hii ya nne naipeleka ilivyo.

Hakuna mwiba.

Viatu vyako niliviweka mlangoni penye mwanga nikaanza kuzisoma soli. Cha kushoto kimelika nchani, ndiye wewe na kuburuza kwako. Cha kulia kimelika kwa duara kwenye soli ya mbele, hapo unapozungukia, sawa kabisa. Nikachungulia ndani. Ulikuwa umesugua vizuri, lakini ngozi haisahau damu. Niliona doa pana lililogeuka jeusi, na katikati ya doa kitu kinameta, kidogo kama punje ya mchele.

Ni msumari. Niliupigilia mwenyewe mwezi wa nane. Tena si ule mfupi wa soli ya mbele, ni ule mrefu wa kisigino. Unalijua benchi langu, kopo la misumari mifupi liko kushoto, la mirefu kulia, na mingine iliyochanganyika iko katikati. Huwa siangalii, nachukua kwa vidole, vidole vinajua. Siku ile vilinidanganya.

Nikaubonyeza kwa kidole gumba nione ni mkali kiasi gani. Nikaona mbona butu. Nikabonyeza zaidi. Mara naona damu inadondokea aproni. Nikasema afadhali, na mimi nitoke damu kidogo kwa hili nililomtenda mtoto wa Mama.

Ila kinachonitafuna ni hiki. Kiatu kile nilikipapasa, naapa. Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri tufunge, mwulize. Niliingiza mkono kutoka kisigino hadi ncha, mara mbili, nikakuta laini kabisa. Kama ningesahau kupapasa ningejua ni uzembe, ningeomba radhi, yakaisha. Lakini nilipapasa! Sasa nikiingiza mkono ndani ya kiatu cha mtu naogopa, sijui nini kingine kinanipita.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miezi mitano umezunguka juu ya msumari wa kaka yako, ukaulaumu mwiba. Niliposoma neno hilo la mwiba nilitaka kunyamaza. Nakiri, siku nzima nilifikiri kunyamaza, na mwiba ubebe lawama.

Kibanda nimekifunga. Tafuta fundi mwingine. Mguu wako ukipona nitakuja nikupigie magoti.

Gundi


8 Aprili

Kaka yangu,

Kwa heshima zote, wewe ni mjinga.

Nimelia kwanza, sikatai. Nimewaza, angalau mwiba haunijui, huyu ananijua. Nimekukasirikia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, nikapanga vitabu vya rafu nzima kinyumenyume. Halafu nikakaa nikasoma barua yako tena, polepole, kama ninavyowaambia wanafunzi wasome. Na wewe isome hivyo.

Umeingiza mkono mara mbili, hukuuhisi msumari. Umeokota mrefu ukadhani mfupi. Umebonyeza ncha mpaka damu ikatoka, na habari ya damu umeipata kwa macho, kidole hakikusema kitu. Mwezi wa pili uliniandikia mtungi unaisha kabla ya adhuhuri na mkanda umetobolewa tundu jipya. Kaka, yale maswali uliyoniuliza mimi, jiulize. Usiku unaamka mara ngapi?

Hukuwa mzembe. Unaumwa. Kilicho unyayoni mwangu kiko kwenye vidole vyako. Mama alituzaa wote wawili.

Nenda kapime kesho. Usingoje kumaliza kazi ya mtu, kibanda umeshafunga mwenyewe. Na ile methali niliyokukataza nakurudishia nzima nzima: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa yangu. Kidonda kimeingia mfupani. Jumatano ijayo watakikata kidole gumba. Daktari anasema wakikata sasa mguu utabaki, wakingoja hawaahidi kitu. Ndicho kidole ninachozungukia. Matroni ameambiwa atafute mwenzake wa mashindano, amekataa, anasema atangoja mwaka kesho. Mimi nimemwambia achukue mtu. Naogopa sana, kaka. Ningetaka uje, lakini usije kabla hujapimwa. Ukija hujapima sitakufungulia mlango.

Kiroboto


21 Aprili

Wifi yangu,

Pole, pole sana. Matroni alinipigia akasema umetoka salama na umeshaanza kugombana na wauguzi, nikajua utapona.

Naandika mimi kwa sababu mwenzangu barua yako aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya kopo la misumari. Akasema unamtafutia visingizio ili asijisikie vibaya. Akasema mkono wa fundi wa miaka thelathini lazima uwe na sugu. Nikamwambia yako ya chooni je, usiku mara tano? Akasema ni maji anayokunywa. Maji je? Akasema ni joto. Joto lenyewe lilikwisha mwezi uliopita, wifi. Nyani haoni kundule.

Nikaona maneno hayamwingii, nikaacha maneno. Alhamisi alasiri nilikuwa napanga vifungo vyangu vya dukani. Nikamwambia, hebu fumba macho, kinga mkono. Akadhani nina utani wangu, akakinga, akatabasamu. Nikamwekea kifungo kikubwa cha koti. "Nini hicho?" Akakigeuzageuza, akasema kifungo. Nikakitoa, nikaweka harage moja bichi. Akalizungusha kwa vidole, akasema kifungo. Nikatoa, nikaweka msumari mfupi wa soli. Akaufumbata, akasema, "Mke wangu, mbona unanipa vifungo tu?"

Akafumbua macho.

Miaka ishirini na sita nimekaa na mume wangu, nimemwona na njaa, na homa, na msiba wa Mama yenu. Hofu sikuwahi kumwona nayo. Aliutazama ule msumari mpaka nikamchukulia mwenyewe kiganjani. Halafu akasema, "Kesho unisindikize."

Tulikwenda. Sukari yake iko juu hata mpimaji akarudia akidhani mashine imekosea. Wakamgusa nyayo na vidole kwa kauzi kagumu, mahali kumi, akahisi pane. Amepewa dawa na orodha ndefu ya vya kuacha. Leo asubuhi amefungua kibanda, amekaa kwenye kigoda mikono mapajani, wateja wanamsalimu wanaondoka.

Mwandikie umdai viatu vyako. Mwandikie kwa ukali. Ukimwandikia kwa upole atalia tu, na kulia hakushoni kiatu.

Wifi yako wa vifungo


26 Aprili

Fundi,

Tarehe 3 Februari nilikuagiza viatu. Leo ni miezi karibu mitatu. Ulijisifu miaka thelathini hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Mimi nimerudi, nalalamika.

Nimeambatisha mchoro wa mguu wa kulia. Safari hii ni wenyewe, nimeuchora bila bandeji, muuguzi ameshika penseli. Una vidole vinne. Shona kwa kadiri hiyo.

Mteja wako


Kibandani
16 Mei

Mteja wangu mkorofi,

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikalia. Wifi yako nimemwambia mbinu yake imefanya kazi nusu.

Viatu hivi hapa. Nieleze nilivyofanya, maana safari hii sikuachi uniamini bure.

Ndani hamna msumari hata mmoja. Soli nimeishona kwa uzi wa nta pande zote, juu nikapaka gundi. Ni mpira mgumu usiopinda hapo mbele, umeinuka kidogo nchani, ili mguu uviringike badala ya kukunjika pale palipokatwa. Meno ni marefu kisigino na pembeni. Katikati ya duara lako nimeyapunguza, utazunguka bila kuvuta goti. Pale penye kidole kisichokuwepo nimejaza sufi laini, mguu usitangetange. Cha kushoto nimekiongezea kinga ya mpira nchani. Ngozi ya juu nimeipaka nta mara tatu, umande utateleza. Ni vizito kidogo kuliko ulivyotaka. Nimechagua uzito.

Bitana, kile kitambaa cha ndani, ni nyeupe. Hakuna fundi mwenye akili anayetia bitana nyeupe kwenye kiatu cha matope, na waliopita kibandani wamenicheka. Nimeikata kutoka shuka bora la wifi yako, ameninunia siku nne. Lakini nimefikiri hivi: sisi tumeshanyang'anywa kuhisi, tumebakiwa na macho. Kila ukivua, utazame ndani penye mwanga. Ikiwa nyeupe, umshukuru Mungu ule ulale. Ikiwa na doa hata dogo kama kiroboto, usivae tena, nenda kwa muuguzi siku hiyo hiyo.

Na ile kanuni yangu imebadilika. Mkono ulioingia humu si wangu. Wifi yako amepapasa kila pembe, mara tatu, ameniambia ni salama. Nilisimama pembeni kama mteja. Sikudhani ingeniuma vile.

Kazi naifanya kwa macho sasa. Msumari nautazama kabla ya kuushika. Niliyokuwa nikifanya kwa siku moja nafanya kwa siku tatu, na daktari anasema vidole huenda visirudi. Sijui nitakuwa fundi mpaka lini. Nilikuwa sitaki kukuandikia hilo, ila nimekumbuka tulikofikishwa na kufichana.

Mguu wako unisamehe. Wewe najua umenisamehe, ndiyo maana unanitukana.

Kaka yako,
Gundi


Maktaba ya Chuo
9 Juni

Kaka Gundi,

Shikamoo.

Mashindano yalikuwa juzi. Matroni alicheza na Mlinzi wa getini, wakawa wa tisa, wamerudi wamenuniana. Mimi nimeruhusiwa kutembea nusu saa kwa siku, si zaidi. Nikavaa viatu vyako nikaenda kusimama kwenye kikapu cha kwanza na daftari, nikaandika mirusho ya watu. Nilikuwa na uchungu sana. Kila aliyekosea nilimwona mjinga, kila aliyepatia nilimwona mwizi wa bahati yangu.

Walipokwenda kunywa chai nilibaki peke yangu. Nikachukua kisahani. Sikukimbia wala sikuzunguka, nilisimama tu kama mzee anayesubiri simu, miguu yote miwili chini, nikarusha kwa nguvu ya mkono tu. Hatua kumi hazifiki. Minyororo ikalia. Sikuwa na shahidi, kwa hiyo uniamini.

Viatu havikuteleza. Havibani. Ni vizito, kweli, na mwanzoni nilivitukana, lakini mguu hautangitangi ndani yake. Nilipofika chumbani nilivua nikavipeleka dirishani, nikainama. Nyeupe, kaka. Nimekaa na kile kiatu mapajani muda mrefu kuliko ninavyoweza kukueleza bila aibu.

Sitakuficha: mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi vidoleni. Nimemwambia daktari siku ile ile.

Ndani ya kifurushi kuna glavu jozi sita, za pamba, nyeupe. Ni zile tunazovaa hapa maktaba tukishika vitabu vya zamani visivyotakiwa kuguswa na jasho. Nimeomba kwa barua, nimekubaliwa. Ukishika gundi vua, lakini ukishika sindano, msharasi wa kutobolea ngozi na msumari, vaa. Watakucheka. Waliokucheka kwa bitana watakucheka tena, wameshazoea. Jioni zivue, uzipeleke penye mwanga, uzitazame.

Kila Jumamosi uniandikie umeona nini, hata kama ni mstari mmoja. Na mimi nitakuandikia.

Mdogo wako,
Kiroboto


Kibandani
Jumamosi, 21 Juni

Kiroboto,

Jumatatu, nyeupe. Jumanne, nyeupe. Jumatano, nyeupe, wifi yako akasema nimekuwa kama daktari wa sinema.

Alhamisi, doa moja, kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Sikuhisi kitu. Nimeliona. Nimekwenda nikaosha, wifi yako amefunga.

Ijumaa na leo, nyeupe.

Wewe je?

Gundi